Msitu Uliofagiwa

Ninyi mnaoanza kazi ya udongo sasa hivi mna bahati ya vifaa. Mnachomeka kitu ardhini, simu inasoma. Sisi tulikuwa na mrija. Ni mrija wa plastiki tu, mwishoni una kikombe cha kigae chenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Unatoboa shimo, unausimika, unanyonya hewa yote kwa pampu ya mkono, unaufunga vizuri, unaondoka. Kesho yake, kama udongo una unyevu, unakuta maji kidogo yameingia ndani. Hayo ndiyo maji ambayo mizizi inakunywa. Yameshapita kwenye majani makavu, yakapita kwenye udongo, yakabeba kila kilichokubali kubebwa.

Mimi nimestaafu, nakaa hapa Miyuji, na ugomvi wangu mkubwa siku hizi ni mchicha unaokataa kustawi nyuma ya nyumba. Lakini binti wa jirani yangu ameajiriwa kwenye maabara ya udongo, na Jumapili tukitoka kanisani hupita kunisalimia na kuniuliza mambo ya kazi. Juzi akaniuliza: "Shikamoo bibi. Hivi yale maji ya kahawia tunayopima kila siku, mti unafaidika nayo nini?"

Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi, asome yeye na wenzake, kwa sababu jibu lake ni refu na lina watu ndani.

Kwanza rangi. Maji ya udongo wa msituni yana rangi ya chai ya rangi. Dereva wetu, Yona, aliwahi kukuta chupa yetu kwenye friji ya ofisini, akadhani ni chai iliyopoa, akapiga funda zima kabla hajashtuka. Alisema haina sukari. Tangu siku hiyo kila chupa ilibandikwa karatasi yenye maneno makubwa, na ninyi pia bandikeni, hata kama mnadhani kila mtu anajua.

Ile rangi ni majani. Jani likianguka, mvua inalilowesha, vijidudu vinalitafuna, na sehemu yake inayeyuka kabisa ndani ya maji. Ukichuja kwa karatasi inapita. Bwana Mgaya, fundi mkuu aliyenifundisha kazi, mtu mrefu wa Njombe aliyependa kuchuchumaa kuliko kukaa kwenye kiti, alinieleza hivi siku zangu za mwanzo:

"Mama Nyemo, udongo mwekundu una mikono mingi. Fosforasi ikipita, unaikamata. Mti uko hapo hapo una njaa, chakula kiko hapo hapo, lakini kimeshikwa. Sasa haya mabaki ya majani yaliyoyeyuka nayo yanakamatika. Yakiwa mengi, mikono ya udongo inajaa. Fosforasi inabaki kwenye maji, mzizi unaichukua."

"Na chuma?" nikamuuliza, maana siku hiyo tulikuwa tunapima chuma.

"Chuma kikiwa peke yake kinakuwa kutu na kulala palepale. Kikishikana na hayo mabaki, kinaelea nayo mpaka kwenye mzizi. Usiyadharau kwa sababu hayana jina zuri."

Basi tukalewa na elimu hiyo. Sote pale ofisini tuliona tumepata mbolea ya bure. Tukachuma majani mabichi, tukayaloweka kwenye pipa, maji yakawa meusi kama kahawa, tukamwagilia miche ya bustani. Baada ya muda miche ikawa ya njano na ikagoma kukua. Bwana Mgaya akachuchumaa mbele yake kwa muda mrefu.

"Majani mabichi yana sukari nyingi," akasema. "Vijidudu vimekula, vimezaliana, na vyenyewe vinataka naitrojeni. Vimeichukua yote, miche ikakosa. Tumewapikia wageni, watoto wamelala na njaa."

Kwa hiyo, vijana wangu, maji ya kahawia hayafanani. Ya majani mabichi yana kazi yake, na ya majani yaliyokaa chini ya mti misimu kadhaa yakaoza taratibu yana kazi nyingine. Msitu wenyewe haulowekwi kwenye pipa. Unapewa kidogo kidogo, kila mvua.

Sasa niwapeleke Kondoa.

Kulikuwa na msitu wa kijiji juu ya kilima, na ofisi yetu ilitaka kujua maji ya udongo wake yakoje. Tulifika mwanzoni mwa mvua, mimi, Bwana Mgaya na Yona. Tulipoingia kwenye miti nilisimama. Chini kulikuwa kweupe. Hakuna jani, hakuna kijiti, udongo mwekundu mtupu wenye mistari ya ufagio, kama uwanja wa nyumba inayosubiri wageni wa harusi.

Mtu akatokea kati ya miti ameshika ufagio wa fito mkononi. Alikuwa mfupi, ana ndevu chache zenye mvi, kofia yake safi kabisa.

"Karibuni. Mimi ndiye Iddi, mlinzi wa msitu," akasema. "Mnaweza kuweka vyombo vyenu popote. Ila nawaomba mtu asivute sigara, na makaratasi yenu mwondoke nayo."

Tukamwahidi. Tukasimika mirija yetu, na kesho yake tukakuta maji. Nilishika chupa juu nikaitazama. Yalikuwa meupe kama ya bomba. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na sikuwa nimeona maji ya msituni yasiyo na rangi.

Tulipoanza kuangalia vizuri, msitu wenyewe ulikuwa unasema. Miche ya mninga iliyoota yenyewe ilikuwa dhaifu, majani yamepauka, mengine yana wekundu wa zambarau kwa chini, na hiyo ni dalili ya njaa ya fosforasi. Miti mikubwa ilikuwa imekauka ncha. Kaka Iddi alikuwa anaona pia. Alinionyesha mche mmoja akaniuliza kama ni ugonjwa, na kama kuna dawa ya kupulizia.

Nilitaka kumjibu palepale. Bwana Mgaya akanigusa kiwiko. Tulipokuwa peke yetu akaniambia, "Subiri. Mtu hafagii msitu mzima hivi hivi. Kwanza tujue anafagia nini."

Tulilijua mchana huo. Tulikuwa tunapikiwa na mama mmoja wa pale kijijini, Bi Zuhura, mtu wa maneno machache. Nilikuwa nimekaa naye jikoni nikimsaidia kuchambua mboga, nikamwambia kwa njia ya mazungumzo tu, kwamba yule mlinzi wa msitu anafanya kazi sana.

"Anafagia," akasema.

"Nimeona."

Akachambua kidogo, kisha akasema bila kuniangalia, "Mume wangu ndiye alikuwa mlinzi kabla yake. Salimu. Kaka yake Iddi, baba mmoja mama mmoja. Moto uliingia msituni wakati wa kiangazi, majani yalikuwa mengi, yanafika hapa." Akagusa mguu wake chini ya goti. "Salimu aliingia na wenzake kuuzima. Upepo ukageuka. Wenzake walitoka."

Nikamwambia pole, na neno hilo nililiona dogo.

"Iddi alikuwa Dodoma mjini, anafanya vibarua vya ujenzi. Alikuta tumeshazika. Akaomba ile kazi, wakampa, akaanza kufagia. Majani anayabeba kwa magunia anayatupa kule korongoni. Watu wanamcheka. Mimi simcheki."

Nilirudi nikamweleza Bwana Mgaya. Akasema, "Sasa utamwambiaje?"

Nilikuwa nadhani yeye ndiye angemwambia. Akasema hapana, mimi ndiye niliyekaa jikoni.

Kesho yake nikamfuata Kaka Iddi, alikuwa amepumzika juu ya jiwe. Nikakaa chini karibu naye. Nikamwambia kwamba miche yake haina ugonjwa, ina njaa. Nikamweleza habari ya majani na maji, kama nilivyofundishwa. Alinisikiliza vizuri, bila kunikatiza, kwa adabu kabisa. Nilipomaliza akasema:

"Mama Nyemo, mnataka niache kuni chini ya miti."

"Ni chakula cha miti, Kaka Iddi."

"Najua yanaweza kuwa chakula. Sibishi. Lakini ndiyo hayo hayo yaliyomuua kaka yangu." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja jina la mahali. "Zuhura atakuwa amekwambia."

"Ameniambia."

"Basi."

Akainuka akaendelea na kazi. Nami nilibaki pale kwenye jiwe. Sikuwa na hasira naye hata kidogo. Alichelewa kwa kaka yake, na kila jani alilolizoa, alikuwa analizoa asichelewe tena.

Watu wengi wa maabara wangeishia hapo, wangeandika kwamba mlinzi hakukubali, wakarudi mjini. Bwana Mgaya hakuwa hivyo. Jioni alimwendea Kaka Iddi nyumbani, wakazungumza habari za mvua na mbuzi, na mwishowe akamwambia, "Ndugu yangu, hofu yako nimeielewa, na ina haki. Majani makavu yanaungua, hilo mimi siwezi kulikataa. Lakini moto huwa unaingia kutoka wapi?"

"Mashambani. Kule chini."

"Basi kule chini ndiko kwa kufagia. Fagia pembeni, njia pana, pana kuliko barabara, pasibaki hata jani. Ukimaliza, yale majani usiyatupe korongoni. Yapeleke ndani. Anza na kipande kidogo tu, kile unachokiona ukiwa mlangoni kwako. Kikikutisha, kizoe, hakuna atakayekulaumu."

Kaka Iddi alifikiri sana. Kisha akasema, "Kipande kidogo."

"Kidogo."

Tukaondoka. Wakati wa kiangazi Bi Zuhura alinipigia simu mara kadhaa. Alisema shemeji yake amehamishia mkeka wake nje, analala ameelekea kile kipande, na kwamba amekonda. Niliwaza kama tumemfanyia jambo jema au tumemwongezea mzigo. Hili nawaambia kwa sababu hamtalikuta kwenye mafunzo: mkimpa mtu ushauri, ninyi mnarudi mjini, yeye anabaki kulala nao.

Mvua zilipokolea tukarudi. Tulikuwa tumeacha mirija sehemu iliyofagiwa na sehemu ile yenye majani. Nikavuta ya kwanza, maji meupe. Nikavuta ya pili, yakatoka ya kahawia, yale ninayoyajua. Kaka Iddi akaniomba chupa zote mbili. Akazishika kila moja kwa mkono wake.

"Hii rangi ni ya nini?"

"Ni majani yako yale uliyobeba."

Akaenda kuchuchumaa kwenye miche. Miche ya kwenye majani ilikuwa na rangi nzuri kuliko ile mingine, hata mtu asiyesoma udongo angeona. Nilitaka kufurahi kwa sauti, Bwana Mgaya akanizuia.

"Usimdanganye," akaniambia mbele yake. "Majani yale pia yameshika unyevu, yamefunika udongo usichomwe na jua. Usimwambie ni maji ya kahawia peke yake. Tukapime ndipo tuseme."

Tukapima Dodoma, na ndani ya yale maji ya kahawia kulikuwa na fosforasi na chuma zaidi kuliko kwenye yale meupe. Nikampigia Kaka Iddi nikamwambia hivyo hivyo, kwamba maji yamesaidia na kivuli cha majani kimesaidia, na kipi kimesaidia zaidi bado hatujui. Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka. Akasema anashukuru, maana watu wa serikali kwa kawaida wanajua kila kitu.

Tangu hapo akawa anaongeza kipande. Hakuongeza kwa haraka. Ile njia ya pembeni aliifagia kwa nguvu zake zote, na majani aliyoyatoa aliyaingiza ndani kwa magunia yale yale.

Kisha moto ukaja.

Ilikuwa kiangazi cha pili. Bi Zuhura alipiga simu nikiwa maabara, nimeshika chujio. Alisema tu, "Mama Nyemo, msitu unaungua," ikakatika. Tulipanda gari mimi na Bwana Mgaya, Yona akaendesha. Nilichokuwa nakiona mbele ya macho yangu si miti. Nilikuwa namwona Iddi akiingia ndani ya moshi.

Tulipofika moto ulikuwa umezimwa. Uliwashwa na mtu aliyekuwa anachoma mabua shambani kwake kule chini, upepo ukampokonya. Ulipofika kwenye ile njia iliyofagiwa ulikosa cha kula ukafa, upande mrefu mzima. Lakini pembe moja upepo ulirusha cheche ng'ambo, na humo ndani majani yalikuwepo, yakashika. Kipande kikubwa kiliungua mpaka watu wakauzuia kwa matawi mabichi na mchanga.

Kaka Iddi alikuwa amekaa chini, uso mweusi kwa masizi, mikono imechubuka. Nikamsogelea. Kilichoungua pale kilikuwa majani ambayo sisi ndio tulimwambia ayaache.

"Pole sana, Kaka Iddi."

"Watu wote wametoka," akasema. "Nimewahesabu mwenyewe. Wameingia, wametoka wote."

"Mungu ni mwema."

"Alhamdulillahi." Akajifuta uso, akazidi kuupaka masizi. "Ile njia ilitupa muda. Tuliuona moto unakuja, tukajipanga, tukajua pa kurudia ukitushinda. Salimu hakuwa na njia. Alikuwa na majani mbele na majani nyuma."

Tukakaa naye. Bwana Mgaya alichuchumaa kama kawaida yake, akaokota majivu akayasugua kati ya vidole. Sikuthubutu kuuliza lile lililokuwa kichwani mwangu, kama ataanza tena kufagia ndani. Akauliza Kaka Iddi mwenyewe.

"Hapa palipoungua nifanye nini?"

Bwana Mgaya akamweleza. Majivu yana chakula, mvua za kwanza zitakitoa chote kwa pupa na kingine zitakipeleka korongoni, kisha maji yatakuwa meupe kwa muda mrefu kwa sababu hakuna majani ya kuyeyuka. "Pafunike," akasema. "Utakayofagia pembeni, yalete hapa. Usiyarundike, yatandaze."

Na ndivyo alivyofanya. Safari hii hakuwa peke yake. Wale waliokuwa wanamcheka walibeba magunia, akiwemo yule mwenye shamba, ambaye hakuna aliyemsema kwa maneno makali. Iddi mwenyewe alikataza asisemwe. Njia ya pembeni waliipanua, ile pembe iliyoshindwa na upepo waliifagia mara mbili ya upana.

Nirudi kwa swali la binti wa jirani yangu, maana najua anasoma akingoja jibu. Maji ya kahawia yanaufaa mti kwa sababu yanaubebea kile ambacho udongo umekificha, na yanaijaza mikono ya udongo ili fosforasi ipite. Yanaweza pia kuudhuru yakiwa ya majani mabichi na mengi, kama tulivyoudhuru sisi pale bustanini. Ukikuta maji ya msituni hayana rangi, usikimbilie kusema udongo ni mbaya. Tazama juu kama miti ina majani, tazama chini kama yapo, na kama hayapo, uliza ni nani anayachukua. Ukimpata mtu huyo, kaa naye chini kabla hujamfundisha.

Mirija utaisimika wakati wa mvua. Kiangazi usijisumbue, utakuwa unakamua jiwe.

Mara ya mwisho kwenda kule kikazi ilikuwa katikati ya masika, Bwana Mgaya ameshastaafu, nami nimebakiza muda mfupi. Tulitembea msituni mimi na Kaka Iddi, majani yamelowa chini ya viatu, hayatoi hata mlio. Nyuma yetu alikuja Bi Zuhura na kikapu. Kaka Iddi aligeuka akamwona, akageuka mbele haraka, akanong'ona kwamba tangu msiba ule shemeji yake hakuwahi kukanyaga humo. Hatukumsemesha. Alikuwa anainama hapa na pale, anafukua majani kwa kidole, anachuma uyoga. Alisema zamani Salimu alikuwa anamletea, kisha uyoga ukapotea, na sasa watoto walimwambia umeanza kuonekana tena.

Aliupika kwa karanga, tukala ugali sebuleni mvua ikipiga bati. Katikati ya chakula Kaka Iddi aliweka tonge chini, akanawa vidole, akainuka kwenda mlangoni. Nikauliza kuna nini.

"Anakwenda kuangalia moshi," Bi Zuhura akasema. "Kila siku akila lazima ainuke aangalie." Kisha akamwita, kwa upole. "Shemeji, mvua inanyesha. Njoo ule."

Alisimama mlangoni kidogo, akakitazama kilima chote kilivyolowa. Akarudi, akakaa, akamaliza chakula chake.